Kocha, Weka Pozi

Mpiga picha akimwambia kocha wa jimu "weka pozi", wateja walioko kwenye mabenchi hucheka kabla kocha hajasogeza mguu. Wanacheka kwa sababu neno hilo lina maisha ya pili mtaani. Mwenye mapozi ni mtu anayejisikia, anayetembea kana kwamba barabara ni ya baba yake. Na kocha ndiye huyo huyo ambaye kila alfajiri huwakemea wenzake waache mapozi, wafanye kazi. Leo anaombwa ayaweke yeye, tena mbele ya wanafunzi wake.

Nilimsindikiza rafiki yangu kwenye kazi ya namna hiyo katika jimu moja ya Temeke. Mwenye jimu alitaka picha za makocha wake, nyingine za kubandika mlangoni, nyingine za kurusha mitandaoni. Rafiki yangu alishika kamera, mimi nikashika taa. Kazi ya kushika taa inauchosha mkono, lakini inayaacha masikio huru, na mpenda maneno hahitaji zaidi ya hapo.

Pozi lilianza kama sharti la mashine. Kamera za mwanzo zilikuwa nzito za kuona. Aliyetikisika alitoka na ukungu badala ya uso. Kamera zikachangamka, desturi ya kutulia ikabaki. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930 pale Mji Mkongwe, Unguja, hapakuwa tena na ulazima wa mtu kukaa kama sanamu, lakini watu waliendelea kwenda studio wakiwa wamevaa vizuri na kunyooka. Waliokuwa wakijenga miili walishajua siri hiyo mapema. Eugen Sandow, mzaliwa wa Prussia mwaka 1867, alipata umaarufu kwa picha zake zilizouzwa kama kadi. Mwaka 1894 alisimama mbele ya mashine ya picha jongefu ya Thomas Edison na kazi aliyoifanya ni kukunja mikono na kugeuka. Mwaka 1901 akaandaa mashindano ya miili katika Royal Albert Hall, London, na mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes. Kwa hiyo kocha anayekataa mapozi amesahau ukoo wake.

Pale Temeke hata sisi tulilihitaji pozi kwa sababu ya kiufundi kabisa. Dari ilikuwa na taa za tyubu za zamani. Umeme wetu ni wa herzi 50, na tyubu za aina hiyo huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halina habari. Kamera inayofunguka kwa 1/500 ya sekunde inayo: picha moja hutoka angavu, inayofuata ya manjano, ya tatu ina ukanda wa giza katikati ya kifua cha mtu. Dawa ni kupunguza kasi hadi 1/100 au 1/50. Ukipunguza, dambeli linalopanda linaacha ukungu hewani. Ndipo rafiki yangu akawa anapaza sauti: "Kocha, shikilia hapo hapo!" Kocha akashikilia, mkono umekunjwa nusu, mishipa ya shingo imesimama, jasho linachuruzika hadi kwenye kiwiko. Kutoka nyuma mama mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya kukimbilia akadakia: "Shikilia kocha, bado mbili!" Jimu nzima ikaangua kicheko. "Bado mbili" ni kauli ya makocha wote, na kila aliyewahi kunyanyua chuma anajua kwamba hizo mbili haziishi.

Maofisini, picha za namna hii huitwa picha mnato, ili zitofautiane na picha jongefu. Mnato umetoka kwenye kunata, kazi ya gundi na asali. Sijui istilahi nyingi za kamati zilizofaulu kiasi hiki. Ndani ya jimu, ambako kila kitu kinapanda na kushuka, unaona kabisa jinsi mwendo unavyonaswa na kubandikwa. Hakuna kocha atakayelitamka neno hilo, lakini ukimweleza mara moja atatikisa kichwa na kukubali.

Ajabu kubwa zaidi iko kwenye kitenzi kinachobeba kazi zote mbili. Chuma kinapigwa, na picha inapigwa. Tizi linapigwa, pushapu zinapigwa. Nje ya ukumbi watu wanapiga pasi, wanapiga simu, wanapiga mswaki, wanapiga hodi, na hakuna kati ya hao anayempiga mtu. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulia na kitenzi hiki. Mimi nadhani kinasema jambo moja tu: kitendo cha ghafla, chenye nguvu kidogo, kinachoacha alama au sauti. Kamera ina sauti yake, na chuma kikirudi sakafuni nacho kina yake. Ndiyo maana mpiga chuma na mpiga picha wanaelewana haraka. Magazeti huandika "Mpigapicha Wetu" kwa neno moja pale jina lisipotajwa, na sijaona bado gazeti lenye "Mpigachuma Wetu".

Sasa tuje kwenye maelezo ya chini ya picha, maana hapo ndipo mwenye jimu na rafiki yangu walipovutana. Huyu mtu pichani ni nani? Mwenye jimu alitaka iandikwe "mkufunzi", kwa sababu linasikika lina shahada. Kwa Watanzania wengi mkufunzi ni mwalimu wa chuo, hasa chuo cha ualimu. Ukimwona mkufunzi unatazamia chaki na mahudhurio. Kenya mambo ni tofauti: redio na magazeti ya huko humwita mkufunzi hata kocha wa timu ya mpira, na wasikilizaji hawashangai. Mwalimu nalo linatumika, hasa kwa wazee wa soka, na lina heshima yake. Lakini ndani ya ukumbi ule, kuanzia mfagiaji hadi mteja mpya, wote walisema kocha. "Kocha, kiuno kinauma." "Kocha, leo miguu au kifua?" Neno lililokwisha kuitikiwa na mwenyewe mara nyingi kwa siku halihitaji kubadilishwa kwa ajili ya bango.

Kocha limesafiri sana kabla ya kufika Temeke. Kocs ni kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya farasi, na jina la kijiji likawa jina la gari. Karne ya 19, wanafunzi wa Oxford wakaanza kumtania mwalimu wa kulipwa kwa jina la gari hilo, eti anawabeba hadi ng'ambo ya mtihani. Kutoka darasani likaingia michezoni, na kutoka huko likaja kwetu likiwa na irabu mwishoni, limetulia katika makocha na ukocha. Irabu hiyo muiangalie vizuri. Ukiibadilisha kidogo tu unapata kochi, ambalo ndilo adui mkubwa wa kocha na chanzo cha vitambi vyote anavyoletewa kuvishughulikia.

Baunsa nalo ni la kuangaliwa. Lilikuja likimaanisha mlinzi wa mlangoni kwenye kumbi za starehe, sasa ni jina la yeyote mwenye mwili mkubwa, hata awe mhasibu. Makocha hawalipendi. Mmoja wao alipoambiwa asimame mlangoni, mikono imefumbatwa kifuani, alikataa: "Hapo utanitoa baunsa." Maneno matatu, na ndani yake kuna ukosoaji mzima wa sanaa. Alijua kwamba mlango na mikono vitamnyang'anya kazi yake na kumpa nyingine. Hata alivyosema "utanitoa" ni Kiswahili safi cha picha. Kwetu mtu hutoka pichani: umetoka vizuri, umetoka mnene, umetoka umefumba macho. Na mpiga picha ndiye anayemtoa. Wazee walikuwa na sifa yao kwa umbo la kocha huyo, njemba ya miraba minne, na kwa bahati picha yenyewe nayo hukatwa kwa pembe nne.

Kisha kuna msuli. Kwa umoja ni neno la hatari kidogo, kwa sababu msuli ni pia ile nguo ya kiunoni anayojifunga mwanamume akitoka kuoga au akipumzika barazani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wameliongezea maana ya tatu: kupiga msuli ni kukesha na vitabu. Kwa hiyo "amepiga msuli sana" yaweza kuwa sifa ya kijana mwembamba mwenye miwani. Kwa wingi, misuli, shaka hupungua, na hapo ndipo panapokuja kutunisha. Huyu mtunisha misuli ana ndugu ambao hajawahi kukutana nao: chama kinachofanya harambee kutunisha mfuko, na serikali mbili zinazotunishiana misuli mpakani. Vyote huvimba. Ila mtaani kutunisha linabaki kwa matangazo. Wenyewe wanasema kujazia. "Umejazia" ni sifa kamili, haihitaji kutaja umejazia wapi.

Kujazia kwa mtu kunategemea sana aliposimama mwenye taa, na hili nililijua kwa mkono wangu. Nikiishika taa mbele ya kocha, sawa na uso wake, kifua kinakuwa bapa, na mwenyewe akioneshwa kwenye kioo cha kamera anakunja uso. Nikisogea ubavuni, kila msuli unatupa kivuli chake, na mtu yule yule anaongezeka miaka miwili ya mazoezi. Rafiki yangu akipiga goti na kumpiga kutoka chini, anaongezeka mwaka mwingine. Kabla ya picha makocha walijitupa sakafuni na kupiga pushapu za haraka haraka ili damu ijae kwenye misuli. Wenyewe wanaita kupasha. Vioo vya ukutani vilitusumbua kuliko kitu kingine chochote, maana picha nyingi nzuri zilikuwa na mimi ndani yake nimeinua taa.

Ujanja huo huo wa taa ndio unaotengeneza picha za "kabla na baada". Kwa kabla, taa ya mbele, mabega yameshushwa, tumbo limeachiwa, uso wa mtu aliyefiwa. Kwa baada, taa ya ubavuni, mafuta kidogo, hewa kifuani, tabasamu. Zote mbili zinaweza kupigwa asubuhi moja na mtu mmoja. Kabla na baada ni maneno mawili manyoofu ya wakati, na yanadhulumiwa pale ambapo wakati wenyewe haukupita. Rafiki yangu alikataa kuzipiga, na nikamheshimu.

Lipo neno jingine lililosemwa siku ile kwa sauti ya chini, nalo naliona ndilo zito kuliko yote. Yule mama wa mashine ya kukimbilia, baada ya mizaha yake, alimwita rafiki yangu kando: "Mwanangu, mimi usinitoe humo." Alikuwa na haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, na ridhaa si ruhusa. Ruhusa mwenye jimu anaweza kuitoa: ingieni, pigeni. Ridhaa hutoka kwa mwenye sura mwenyewe, moyo wake umeridhika, na mwenye jimu hawezi kuitoa kwa niaba yake. Watu wa michezo wanalijua neno hili kwa mlango mwingine. Ngumi za ridhaa ni zile anazopigana mtu kwa mapenzi yake, bila malipo, tofauti na ngumi za kulipwa. Mwanasheria na bondia wamelikamata neno moja kutoka pande mbili, na maana haijachanika. Picha zilizomwonesha yule mama zilifutwa pale pale, yeye akiangalia.

Neno istilahi lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kupatana. Mzizi wake ni ule ule wa suluhu na maslahi. Watu wa kazi moja wanakubaliana kwamba kitu hiki tutakiita hivi, basi, tusigombane tena. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa mwaka 1967, lina kazi ya kupatanisha taifa zima, na si kazi ndogo. Lakini mapatano mengine yanakuwa yameshafikiwa zamani, kati ya mtu mwenye jasho na mtu mwenye kamera, na kinachobaki ni kuyasajili. Watu wameshapatana kuhusu kocha, pozi, kujazia na kupasha. Ukumbi wa mazoezi ni jina zuri la kwenye mkataba wa pango; wanaoingia humo wanakwenda jimu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri. Mnapochapa picha ya kocha akiwa kazini, mwandikeni kocha, tajeni jina lake kama ameridhia, na hilo neno jimu liandikeni kwa herufi zake za Kiswahili, bila kulifungia ndani ya alama za nukuu.