Mavi ya Chuma na Elimu ya Wahunzi wa Buhaya

Mkulima wa Buhaya, awe wa Kemondo kando ya Ziwa Viktoria au wa Nshamba katika nchi ya Ihangiro, akigonga kwa jembe pande jeusi la mavi ya chuma, aghalabu hulitupa kando ya mgomba. Twapenda kuonyesha ya kuwa taka hiyo ya tanuri la kale ni hati ya historia.

Mawe ya chuma yana mchanga ndani yake. Katika tanuri, hewa ya makaa huondoa oksijeni katika mawe, chuma kikabaki. Mchanga nao huungana na sehemu ya chuma, ukayeyuka kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi za Sentigredi. Uji huo ukipoa hugeuka fuwele, yaani chembe zenye umbo la mpango. Ukipoa polepole, fuwele huwa kubwa na ndefu. Ukipoa ghafla, huwa ndogo mno, au uji ukawa kama kioo. Hivyo anayekata pande hilo na kulitazama kwa hadubini husoma mwendo wa moto uliozimika zamani.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa na wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery wajenge tena tanuri. Kazi hiyo ilikuwa imekoma zamani, chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kilipoenea, na waliobaki waliikumbuka tangu ujana wao. Walijenga kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, wakachoma nyasi za bwawani ndani ya shimo, wakaingiza kewa za udongo, wakavukuta. Uji ulipodondokea makaa ya nyasi zile, kaboni yake ilisaidia kuzaa chuma, hata chenye sifa ya chuma cha pua.

Mabaki yaliyochimbuliwa Kemondo yalionyesha ufundi wa jamaa hiyo katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1978 wataalamu hao waliandika kwamba kewa zilizoingia ndani ya tanuri zilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba fuwele za chuma zilikua ndani ya uji wenyewe. Wengine, kama J. E. Rehder mwaka 1986, walipinga hoja ya hewa kupashwa moto. Ubishi huo hauwapunguzii wahunzi heshima: chuma walikitoa, na kwa akili yao.

Hapana budi, basi, walimu na wanafunzi wayaheshimu mapande hayo. Yaachwe yalipolala, mahali paandikwe, na wazee waulizwe. Pande likihamishwa bila kumbukumbu hubakiza fuwele zake, lakini hupoteza tanuri lake, kijiji chake na watu wake.