Nairobi na Maji ya Nyandarua

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kambi ya wajenzi ilitegemea maji ya mto. Hayakutosha kwa muda mrefu. Punde mabomba yakaelekezwa kwenye chemchemi za Kikuyu. Tangu hapo mji umekuwa na dawa moja ya kiu yake: kurefusha bomba kuelekea milimani.

Baada ya bwawa la Ruiru likaja la Sasumua, mwaka 1956. Sensa ya 1989 ilipohesabu wakazi zaidi ya milioni 1.3, yote mawili yalikuwa yameshaelemewa. Ndipo Mto Thika ukazibwa kule Ndakaini, Murang'a, kwa tuta la mita 65, na kufikia 1994 jiji likawa na akiba ya mita za ujazo milioni 70.

Ni maji mengi, mpaka uyapigie hesabu. Jiji likivuta mita za ujazo 500,000 kwa siku, na mito isilete kitu, Ndakaini iliyojaa pomoni hukauka kwa siku 140. Ndiyo maana wahandisi hawalipimi bwawa kwa siku linapofurika. Huuliza lingeweza kutoa kiasi gani, bila kukatika, katika mwaka mkavu kuliko yote.

Mwaka wa namna hiyo ulibisha hodi. Vuli ya 2016 ilikuwa haba, na Januari 2017 mgao ukaanza. Mtaa ulipata maji kwa siku zake, kisha mifereji ikakauka. Penye uhaba, mitungi ya lita 20 ilipangwa foleni vibandani, na asiye na tangi la kuhifadhia ndiye aliyenunua kwa bei ya juu.

Masika ya 2018 yalifurisha barabara za Nairobi, lakini mgao haukukoma mara moja. Mvua ya jijini haiingii Ndakaini. Bwawa hilo hungoja vijito vya milima ya Nyandarua, nalo lilijaa polepole.

Hapo ndipo udhaifu ulipo. Ruiru, Sasumua na Ndakaini yote hunywa kutoka safu moja ya milima, kwa hiyo ukame ukiigusa, huyapunguza yote kwa pamoja. Hata handaki la kilomita 11.8 lililochimbwa kuleta maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati linachota miteremko hiyo hiyo. Wakazi wa Murang'a wana haki ya kuuliza: mwaka wa ukame, mito yao itabaki na nini baada ya Nairobi kunywa?