Magome ya Arnhem Land huko Virginia

Mwaka 1965 Edward Ruhe, mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kansas, alikwenda Australia kufundisha. Huko akanaswa na michoro ya Waaborijini kwenye magome ya miti, hasa ya Arnhem Land kaskazini mwa nchi hiyo, akaanza kuikusanya.

Baada ya Ruhe kufariki, tajiri John Kluge aliununua mkusanyo wake mwaka 1993, na mwaka 1997 akaukabidhi, pamoja na wake mwenyewe, kwa Chuo Kikuu cha Virginia.

Wanafunzi wa chuo hicho hutumia mkusanyo huo kujifunza kuandaa maonyesho. Michoro yenyewe hutengenezwa hivi: gome la mkaratusi hubanduliwa msimu wa mvua na kunyooshwa kwa moto. Mistari myembamba huchorwa kwa brashi ya nywele chache. Lakini mwenye haki ya kueleza maana ya mchoro ni ukoo unaoumiliki. Katika maonyesho ya Madayin, yaliyofunguliwa mwaka 2022, Wayolngu, Waaborijini wa Arnhem Land, wenyewe ndio walioongoza uteuzi wa kazi.