Butea na Faranga: Fedha katika Utendi wa Mwindo na katika Historia ya Walikale na Masisi

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, sehemu za Kisimba wilayani Walikale, manju Candi Rureke aliusimulia, akauimba na kuucheza utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia Mbelgiji, ndiye aliyesimamia kazi ya kuunukuu. Matini, yaliyoandaliwa pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, yalichapishwa mwaka 1969. Tangu hapo wahakiki wameandika mengi juu ya shujaa anayezaliwa akiwa tayari anasema na kutembea, juu ya baba anayemchukia mwanawe, na juu ya safari ya kuzimu. Jambo moja limepitwa kwa haraka, nalo ni fedha. Ndani ya utendi huu mna fedha yenye jina lake na kazi yake, na mgogoro kati ya Mwindo na baba yake haufikii mwisho mpaka fedha hiyo itolewe, ipotee na kurudishwa.

Jina lake ni butea. Ilikuwa pete, au tuseme kikuku chembamba, kilichosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni. Wanyanga waliihesabu kwa mamia na maelfu. Mashariki zaidi, kwa Wahavu na Washi na hata ng'ambo ya Ziwa Kivu, lilikuwako neno butega, na vikuku hivyo vilivaliwa miguuni na wanawake. Msomaji wa isimu ataona upesi kwamba butea na butega ni neno moja lililopita katika vinywa viwili. Mwanahistoria David Newbury, katika uchunguzi wake wa biashara ya Ziwa Kivu katika karne ya 19, ameonyesha kwamba vikuku hivi vilivuka mipaka ya makabila na ya falme, vikibadilishwa kwa chakula, mifugo na majembe. Milima ya Masisi, nchi ya Wahunde, imekaa katikati ya msitu wa Walikale na ziwa. Kitu kilichosukwa msituni na kutakiwa ziwani hakikuwa na njia fupi kuliko hiyo.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe inaleta ugumu. Neno letu fedha ni jina la madini, na asili yake ni Kiarabu. Kuiita butea fedha ni kama kusema kwamba uzi ni madini. Lakini hakuna neno jingine linalofaa zaidi, kwa kuwa butea ilipimia thamani, ililipia deni, iliwekwa akiba na iliwekwa rehani. Atakayekataa kuiita fedha itampasa pia akatae kuiita fedha noti ya karatasi.

Turudi kwenye utendi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Mtoto wa kiume atakayezaliwa atauawa. Wengi wameona humo hofu ya mfalme kwa mrithi wake, na hofu hiyo imo. Lakini imo pia hesabu. Binti huleta mahari nyumbani, na mwana huitoa. Utendi unaliweka jambo hili wazi mapema, kabla Mwindo hajazaliwa, pale Mukiti, nyoka mkuu wa majini, anapokuja kumposa Iyangura, dada yake Shemwindo. Posa hiyo haipiti kwa maneno matupu: mali inatajwa, mbuzi wanadaiwa, washauri wanakaa, na kila mwenye haki anatazamia fungu lake. Msikilizaji wa Bese aliyekuwa na binti au na mwana wa kuoza hakuhitaji ufafanuzi. Shemwindo anataka kuwa mpokeaji tu, asiwe mtoaji hata siku moja, na katika jamii inayoishi kwa kupeana hilo ni kosa kubwa kuliko ubahili.

Mwindo anazaliwa kinyume cha amri hiyo, anaponea mkuki, kaburi na ngoma iliyotupwa mtoni, kisha anamfuata baba yake mpaka kuzimu. Baada ya mashindano na Muisa, mwenye makao ya wafu, anafika kwa Sheburungu. Huyu hamtoi Shemwindo bure. Anataka kwanza wacheze wiki, mchezo wa bahati unaochezwa kwa mbegu. Mwindo anaweka butea, anashindwa. Anaweka zaidi, anashindwa tena. Mifugo inakwenda, mali inakwenda, kijiji cha Tubondo kinakwenda, na hata shangazi yake Iyangura anawekwa dau na kupotea. Shujaa aliyeshinda mashindano ya Muisa anabaki mtupu mbele ya mbegu chache. Hapo ndipo anapoweka conga, usinga wake wa mkia wa nyati aliozaliwa nao mkononi. Mchezo unageuka. Anarudisha vyote alivyopoteza, anatwaa na vya Sheburungu, na mwishowe anapewa baba yake.

Mpango wa dau hizo unastahili kuangaliwa kwa makini. Butea ndiyo inayofungua mchezo kwa sababu ndiyo inayotoka mkononi kwa wepesi. Inaweza kupotea leo na kupatikana kesho kwa ndoa ya binti au kwa kazi ya kusuka. Watu na kijiji hufuata. Conga haina bei, haikusukwa na mtu na haikuolewa kwayo mwanamke. Kwa hiyo utendi haudharau fedha, bali unaipa mahali pake: inaingia katika mambo ya watu na kuyaendesha, lakini haiwezi kumrudisha baba kwa mwanawe. Hata hivyo haifai kuisifu fedha ya zamani kupita kiasi. Mfumo huohuo ndio uliomfanya Shemwindo awahesabu watoto wake kama faida na hasara, na ndio uliomwezesha Mwindo kumweka shangazi yake katika dau pamoja na mbuzi.

Mfano mmoja kutoka nchi ya mbali utasaidia kulipima jambo hili. Miaka mitano kabla ya Rureke kutoa utendi wake, yaani mwaka 1951, ilitolewa Uingereza filamu ya Scrooge, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst na kuchezwa na Alastair Sim, kutokana na kisa mashuhuri cha Charles Dickens cha mwaka 1843. Scrooge ni bahili anayebadilika katika usiku mmoja. Asubuhi ya Krismasi anamtia sarafu mkononi mtumishi wake, Bibi Dilber. Mwanamke huyo hafurahi, anashtuka: anadhani analipwa ili anyamaze. Mpaka aambiwe kwamba ni zawadi, na kwamba mshahara wake wa shilingi mbili kwa wiki utakuwa shilingi kumi, ndipo anapoamini. Tukio hilo huwachekesha watazamaji, nalo lina ukweli. Sarafu ya London haisemi imetoka wapi wala inadai nini. Inaweza kuwa mshahara, hongo au zawadi, na anayeipokea hana budi kuuliza. Wahunde na Wanyanga walikuwa na butea za mahari, za faini na za mchezo, lakini butea iliyotolewa bila sababu kujulikana ingekuwa kitu cha ajabu. Ilitolewa mbele ya macho ya watu, na watu walikumbuka.

Sarafu za aina ile ya London zilifika Walikale na Masisi kwa njia ya amri. Dola Huru ya Kongo ilianza kutengeneza sarafu zake mwaka 1887: za shaba, zenye nyota na tundu katikati, na nyingine za madini ya fedha zenye kichwa cha Mfalme Leopold II. Tundu lile liliruhusu kuzitunga katika uzi kama butea zilivyofungwa pamoja, lakini ufanano uliishia hapo. Mwaka 1910, serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilipoweka kodi ya kulipwa kwa fedha, mwanamume mzima alilazimika kuwa na faranga kila mwaka. Mkusanyaji wa kodi hakupokea butea. Aliyetaka faranga ilimpasa kuuza mazao au nguvu zake kwa yule aliyekuwa nazo. Halmashauri ya Kitaifa ya Kivu iliundwa mwaka 1928 na kugawiwa ardhi kubwa. Walowezi wakalima milima ya Masisi, kampuni zikachimba bati misituni, na kuanzia mwaka 1937 serikali ikawaleta Masisi watu kutoka Rwanda, pamoja na mambo mengine ili mashamba yapate wafanyakazi. Faranga ilikuwa kiungo cha haya yote. Butea haikupigwa marufuku kwa vita. Ilipoteza tu mlango mmoja, mlango wa kodi, na milango mingine ikafungwa kuufuata. Mahari nayo ikaanza kuhesabiwa kwa faranga.

Msamiati umehifadhi njia hiyo. Katika Kiswahili sanifu watu husema hela, neno lililobaki kutokana na heller ya Wajerumani wa Afrika Mashariki. Rwanda pia ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka mwaka 1916, kwa hiyo rupia na heller zilikuwa jirani kabisa na Masisi. Lakini Kiswahili cha Kivu hakikuchukua hela. Kilichukua faranga, ambayo wengi huitamka franga, na wingi wake mafranga. Mpaka uliochorwa na mataifa ya Ulaya mwaka 1910 unasikika hadi leo sokoni katika neno hilo.

Neno la pili lina kisa cha kushangaza zaidi. Tarehe 23 Juni 1967 faranga iliondolewa, ikaja zaire: zaire moja ilikuwa faranga elfu, nayo iligawanyika katika makuta mia. Sarafu ya makuta tano ilikuwa na sura ya Mobutu. Neno makuta lilitoka magharibi, katika nchi za Kongo na Angola, ambako zamani lilihusu vitambaa vya nyuzi za mwale vilivyotumika kama fedha, kabla Wareno hawajalitia katika sarafu zao za Angola. Hivyo fedha ya nyuzi ilirudi Walikale ikiwa imechongwa katika madini, lakini haikuwa ile ya wenyeji. Butea haikupata sarafu.

Zaire ilianguka pia. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire milioni tatu zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ikarejea kama noti, bila sarafu mikononi mwa watu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwezi wa Januari na benki zake kufungwa, vita vikiendelea Masisi na kufika Walikale mwezi wa Machi, watu wa Kivu walijua tena uzito wa noti ndogo iliyochakaa ambayo muuzaji anaweza kuikataa. Na bado anayekosa fedha huko Goma au Masisi husema kwamba hana makuta, ingawa hakuna tena likuta hata moja sokoni.

Mwaka 1956, Rureke alipokuwa akiimba huko Bese, Kongo ilikuwa tayari na sarafu nyepesi za aluminiamu zenye picha ya mchikichi. Wasikilizaji wake walikuwa walipa kodi, na mwenyewe aliijua faranga. Lakini Mwindo anapoketi mbele ya Sheburungu, dau la kwanza analoliweka chini ni butea.