Nani Alimtunza Wise Child?

Mwaka 1926, farasi jike aitwaye Wise Child alishinda mbio za St Leger za Kenya mjini Nairobi. Siku hizo uwanja wa mbio ulikuwa upande wa Eastleigh. Huu wa Barabara ya Ngong, ambao Kibera iko mashariki yake na Kawangware kaskazini, ulifunguliwa mwaka 1954.

Mkufunzi wa Wise Child, Beryl Markham, alikuwa bado kijana. Alikulia Njoro katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, na ndiye mwanamke wa kwanza nchini kupewa leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege, kutoka Uingereza hadi Kanada, na dunia nzima ikamjua. Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja huo wa Ngong, hadi alipofariki Agosti 1986.

Habari za Wise Child alizieleza katika kitabu chake West with the Night, kilichotoka mwaka 1942. Anasimulia kwamba wiki chache kabla ya mbio, mmiliki wa farasi mwingine, Wrack, alimwondoa farasi huyo kwake na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Markham akabaki na Wise Child, mwenye mbio lakini miguu dhaifu. Joki Sonny Bumpus akampanda, na Wrack akaachwa nyuma.

Ni simulizi tamu, lakini ni ya mtu mmoja aliyekumbuka baada ya miaka mingi. Anayetaka kuandika maisha ya farasi huyu hana budi kuilinganisha na magazeti ya wakati ule, matokeo ya mbio na vitabu vya nasaba. Humo atapata tarehe, wazazi wa farasi, mwenye mali na joki.

Asichokipata humo kwa urahisi ni jina la saisi, yaani mtunza farasi. Naye ndiye aliyemjua farasi kuliko wote. Alfajiri, kabla ya mazoezi, saisi huchutama na kupitisha kiganja kwenye mguu, kuanzia gotini kwenda chini, akisikiliza kano. Pakiwa na joto, huenda pana jeraha. Kwa farasi mwenye miguu kama ya Wise Child, kiganja hicho kingeweza kuamua kama atakimbia au atabaki zizini. Katika kitabu cha Markham yumo arap Ruta, rafiki yake wa utotoni aliyekuja kufanya naye kazi ya farasi. Huyo alibahatika kuandikwa kwa sababu mwajiri wake alikuwa na kalamu.

Kwa hiyo utafiti usiishie kwenye makabrasha. Uwanja wa Ngong una miaka zaidi ya 70, na Kibera na Kawangware ni majirani zake. Mwandishi abishe hodi huko, awatafute wazee waliowahi kufanya kazi mazizini, awaulize farasi gani alikuwa mkorofi, nani alimtuliza, dawa gani ilipakwa. Aandike majina yao kamili kando ya jina la farasi. Wa mwaka 1926 hatuwezi tena kuwauliza. Waliotunza washindi wa Ngong tunaweza, na kazi hiyo inafaa ianze sasa.