Ng'ombe wa Mwami, Shilingi ya Daftari

Katika Buha ya zamani, nchi ya Waha mkoani Kigoma, mkopo ulikuwa na pembe ndefu. Mwami, yaani mtawala, wa Heru, huko Kasulu, na wakubwa wenzake wa Muhambwe, upande wa Kibondo, waliwapa watu ng'ombe kwa utaratibu ulioitwa ubugabire. Aliyepewa alimchunga na kunywa maziwa, akabaki na deni la utumishi na utiifu. Hesabu ilikuwa wazi: ng'ombe akihamia zizi moja, limepungukiwa lingine.

Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoingia mwaka 1921, haikuwa mbali na hesabu hiyo. Bodi ya sarafu ilitoa noti mpya pale tu pauni zilipowekwa London. Vijana wa Kiha walizifuata shilingi hizo kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Benki zilikopesha, naam, ila wafanyabiashara wakubwa. Sheria ya kikoloni ya kuzuia Waafrika kukopeshwa, iliyotumika miaka ya 1930, ilimnyima mkopeshaji asiye Mwafrika haki ya kumdai Mwafrika mahakamani bila kibali cha serikali. Nani angekopesha hapo?

Lakini mkopo wa benki ni kitu kingine kabisa. Tuseme mnunuzi wa maharage Kibondo amepewa milioni 20. Wengi hudhani benki imechota akiba za walimu na wakulima. La hasha! Hakuna akaunti iliyopungua. Benki imeandika deni la milioni 20 kuwa mali yake, ikaandika milioni 20 nyingine kwenye akaunti ya mnunuzi. Asubuhi fedha hiyo haikuwapo. Jioni inalipa wakulima. Deni likirejeshwa, inafutika.

Si uchawi usio na mipaka. Wakulima wakitaka noti, au fedha zikihamia benki nyingine, lazima akiba iwepo Benki Kuu, iliyofunguliwa Juni 1966. Mtaji nao una kanuni zake.

Mipaka hiyo ililegea baada ya benki kutaifishwa Februari 1967 na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) kuundwa. NBC ilikopesha vyama vya ushirika na mamlaka za mazao hata pale hasara ilipokuwa dhahiri. Ng'ombe wa ubugabire akifa, msiba ulionekana siku ileile. Mkopo mfu wa NBC ulikaa vitabuni miaka, huku shilingi zilizozaliwa nao zikizunguka sokoni na kupandisha bei. Tume ya serikali iliyoongozwa na Nyirabu iliuchambua mfumo huo, na mwaka 1991 ikaja sheria mpya ya mabenki pamoja na LART, chombo cha kufukuzia madeni sugu.

NBC ikagawanywa mwaka 1997. Sehemu kubwa ya matawi ya wilayani iliangukia NMB, benki mpya iliyotokana na mgawanyo huo, ambayo mwanzoni ilipewa kazi ya malipo na akiba, na ruhusa finyu mno ya kukopesha. Kwa mkulima wa nyanda za juu za Kigoma, benki ilikuwa inapokea fedha tu, kuzizalisha kulisubiri.