Miaka Iliyobaki Kwenye Hati

Wenzangu wengi wa rika langu wakipata fedha kidogo hununua kiwanja Chanika, Goba au Kigamboni. Wanachimba msingi, wanapandisha kuta mpaka usawa wa lenta, wanasubiri mkopo mwingine, wanapaua, kisha wanahamia huku madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mabati. Ndivyo Dar es Salaam inavyokua, na sina neno baya juu yake. Ila mimi kazi yangu iko Posta, na sitaki kuamka saa kumi alfajiri kila siku ya maisha yangu ili niwahi daladala. Nilitaka kuishi Kariakoo.

Dalali wa kwanza niliyemweleza alicheka. "Kariakoo watu wanakuja kufanya biashara, bosi, siyo kulala." Alikuwa na fremu za maduka za kila aina, na alijua kilemba cha kila moja. Nyumba ya kuishi ilimpa shida. Alipoipata, ilikuwa ghorofa ambayo haijajengwa, juu ya kiwanja ambacho bado kilikuwa na nyumba ya zamani na watu ndani yake. Nikamuuliza ardhi ni ya nani. Akanijibu, "Ya wenyewe." Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia, kwa sababu tangu Kariakoo iwepo, swali la nani mwenyewe halijawahi kuwa jepesi.

Mji wenyewe ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, waliweka kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina za nyumba: majumba ya mawe upande wa bahari, nyumba za miti na udongo upande wa bara. Eneo tunaloliita Kariakoo lilikuwa sehemu ya shamba la Mjerumani. Karibu na Vita Kuu ya Kwanza serikali yao ilikuwa imeanza kulipima na kulipangia mitaa iliyonyooka ili Waafrika wahamishiwe huko.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Jeshi lao lilitegemea wapagazi waliobeba risasi, unga na majeruhi kwa miguu kutoka pwani hadi ndani kabisa ya bara, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake ya hapa ikawaachia wenyeji neno walilolitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo. Askari walipata sanamu ya shaba mwaka 1927, ile inayosimama hadi leo katikati ya mji. Wapagazi walipata jina la mtaa, na wengi wetu tunalitamka kila siku bila kujua kwamba tunawataja.

Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria iliyoiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Mtu hakumiliki udongo; alipewa haki ya kuukalia. Mji ukagawanywa katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na kanda ya tatu iliyokuwa na Kariakoo ndani yake. Kwenye karatasi kanda hizo zilitofautishwa kwa aina ya majengo, siyo kwa rangi ya watu, lakini kila mtu alielewa maana yake. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanda mtupu ili makundi hayo mawili yasigusane. Uwanda huo ni Mnazi Mmoja, tunapopita leo tukikimbilia mwendokasi. Mwafrika wa Kariakoo alikalia kiwanja chake kwa kibali cha muda mfupi, akikilipia ada. Nyumba iliyo juu ilikuwa yake. Ardhi iliyo chini haikuwa.

Kwa masharti hayo watu walijenga, na walichojenga kilikuwa na akili nyingi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma. Jiko, choo na kamba za kuanikia nguo viko uani. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kwa mjane au mpagazi mstaafu asiyekuwa na pensheni, vyumba hivyo ndivyo vilikuwa pensheni. Wanawake wengi waliweza kuwa wenye nyumba Kariakoo katika wakati ambao ofisi nyingi zisingewapa hata kiti cha kukalia. Mgeni kutoka Songea au Kigoma alipata chumba, majirani, na uani pa kujifunzia Kiswahili cha mjini.

Siasa nayo ilikaa katika nyumba hizo. Makao ya TAA yalikuwa New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Barazani mtu angeweza kukaa na wageni kumi bila askari kujua kama ni mkutano au ni kahawa.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilifuta milki huru ya ardhi. Tangu hapo tajiri na maskini wote tukawa sawa na yule mwenye kibali wa zamani: tunapewa haki ya miaka kadhaa, isiyozidi 99. Kisha mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Waliopoteza zaidi walikuwa Waasia wa Uhindini, na majengo yao yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kabla ya kuhamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba nyingi za Kariakoo hazikufikia thamani hiyo. Udongo na mabati yaliyokuwa alama ya unyonge ndiyo yaliyowabakizia watu nyumba zao. Ndiyo maana hadi leo, unapouliza nyuma ya duka la simu Mtaa wa Aggrey au Mchikichi kiwanja ni cha nani, mara nyingi utatajiwa jina la babu au bibi aliyekwishafariki, na orodha ndefu ya wajukuu.

Mwaka 1975 soko jipya lilifunguliwa, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli. Paa lake ni mfano wa miavuli iliyogeuzwa, inayokusanya mvua na kuishusha chini. Liliungua Julai 2021. Lakini lililoibadilisha mitaa inayolizunguka ni kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia miaka ya 1980. Wateja wakaanza kuja kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro; fremu moja ikawa na kodi kubwa kuliko vyumba sita. Warithi wakaanza kuingia ubia: sisi tunatoa kiwanja, wewe unatoa fedha, ghorofa ikisimama tunagawana.

Nyumba niliyopelekwa ilikuwa katika hatua hiyo. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani, kati ya mafungu mawili ya mabegi ya mfanyabiashara aliyekodi ukuta wake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye mnunuzi?"

Nikamwambia bado naangalia.

"Angalia. Nyumba hii imesomesha watoto saba. Sasa wanasema tutapewa ghorofa mbili. Nimewaambia sawa. Ila mimi huko juu nitamsalimia nani?"

Wanawe hawakuwa wabaya. Mmoja alinionyesha hesabu: paa linavuja, maji ya mvua yanajaa ukumbini kwa sababu majengo ya jirani yameinua ardhi, na kodi ya vyumba haitoshi dawa za mama. Ningekuwa wao, sijui kama ningechagua tofauti.

Kisheria, ninachotaka kununua kinawezekana. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo: unaweza kupata hati ya nyumba yako ya ghorofa ya nne, pamoja na fungu lako katika ngazi, lifti na paa, na wamiliki wote mnakuwa na chama cha kuendesha jengo. Lakini hati hiyo inasimama juu ya hati ya kiwanja. Kama kiwanja kina jina la marehemu na hakuna msimamizi wa mirathi, hakuna wa kukuuzia. Kama ni nyumba ya ndoa na mwenzi hajaridhia, mauzo yanaweza kubatilishwa. Na kama hati ina miaka kumi iliyobaki, unanunua miaka kumi na matumaini.

Kuna jambo jingine ambalo wakili hawezi kulipekua. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka na kuua watu 36. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo lililokuwa likitumika kwa biashara hapa Kariakoo liliporomoka asubuhi, na zaidi ya watu 20 wakafa. Waliofukiwa walipiga simu kutoka chini ya kifusi. Yule bibi anaweza kulaumiwa kwa mabati yanayovuja, lakini nyumba yake haijawahi kumwangukia mtu.

Nimewaomba wauzaji karatasi tatu: barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, hati ya kiwanja, na kibali cha ujenzi chenye idadi ya ghorofa pamoja na saini ya mhandisi. Mbili za kwanza nimeziona, na hati ina miaka ya kutosha. Ya tatu naambiwa iko njiani. Nimeomba pia jambo ambalo halimo katika sheria yoyote: bibi apewe chumba cha chini kinachotazama mtaa, hata kama kinapunguza fremu moja. Wanawe walitazamana, wakasema watalifikiria. Fedha yangu bado iko benki, na dalali ananipigia kila Jumatatu kunikumbusha kwamba Chanika bei zinapanda.